Mgeni wa Miezi Mitatu Ganako

Ganako haina ufukwe wala minazi. Ni kata ya wakulima jirani na mji wa Karatu, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500, ambako Juni na Julai watu huamkia ukungu na kujitanda mablanketi mpaka jua lichomoze vizuri. Mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi yanapanda kuelekea kwenye kahawa, na juu ya kahawa unaanza msitu wa Ngorongoro, ambamo tembo huchimba kuta za mapango wakitafuta udongo wenye chumvi. Watalii wengi hulijua eneo hili kwa usiku mmoja au miwili tu. Wanalala, alfajiri wanapita lango la Loduare, wanashuka kreta, wanaondoka.

Yupo mgeni wa aina nyingine. Analipwa na kampuni iliyoko Berlin au Toronto, kazi yake yote imo kwenye kompyuta, naye hukodi chumba kwa mwezi, miwili, hata mitatu. Zanzibar na Arusha wamekwisha kumzoea. Kwingineko duniani biashara ya kumhudumia ilishamiri mapema, hasa Ubud, kisiwani Bali, ambako ukumbi wa kufanyia kazi pamoja uitwao Hubud ulifunguliwa mwaka 2013. Nyumba za biashara hiyo humuuzia mgeni chumba, meza, intaneti ya uhakika na juu ya hayo watu wa kuishi nao: wa kula nao jioni, wa kufahamiana nao, wa kumtoa upweke. Anayewaza kuileta biashara hiyo Ganako ajue kwamba kuishi pamoja na kufanya kazi pamoja vimekuwapo hapa miaka mingi, na vina masharti yake.

Wenyeji wengi wa Ganako ni Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu. Walisambaa kuja nyanda za Karatu kutoka milima ya Mbulu, hasa katika karne iliyopita, baada ya hofu ya kuvamiwa na Wamasai kupungua. Hofu hiyo ndiyo iliyojenga nyumba yao ya kale. Ilichimbwa ubavuni mwa mlima, paa lake la udongo likalingana na ardhi ya upande wa juu, kiasi kwamba apitaye huko asijue kuwa chini kuna watu na moto unawaka. Ng'ombe, mbuzi na binadamu walilala chini ya paa moja. Leo nyumba za matofali ya kuchoma zimechukua nafasi yake, na ile ya zamani huonyeshwa wageni wa utalii wa kitamaduni pamoja na ufyatuaji wa matofali na upikaji wa pombe ya kienyeji. Mtu aliyekulia kwenye malezi yaliyotokana na nyumba ile hashangai kusikia pumzi ya mwenzake usiku. Humshangaa zaidi anayekula huku amejifungia.

Kazi nayo ilifanywa kwa kuitana. Mwenye shamba kubwa la kupalilia, au mwenye nyumba ya kujenga, alipika pombe ya nafaka akawaita majirani, nao wakaja na majembe yao. Hakuna aliyelipwa fedha. Aliyekuja leo alijua kwamba kesho akiita, ataitikiwa. Fedha imepunguza sana desturi hiyo, maana siku hizi kibarua hulipwa na trekta hukodiwa, lakini haijaifuta. Njia ikikatwa na mvua au shule ikihitaji darasa, kijiji huitwa kwenye msaragambo, na asiyetokea bila sababu hukumbukwa.

Ndiyo maana methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inampata mgeni huyu pabaya. Amekaa siku tisini, na jembe analo, tena analishika kutwa nzima, ila shamba analolilima liko Ulaya. Kwa mtazamaji, yeye ameketi tu. Adha hii huwapata hata watoto wa hapahapa. Kijana aliyesoma Arusha au Dar es Salaam, akapata kazi ya kutafsiri au kuandika programu kwa mtandao, akirudi nyumbani hutumwa dukani, hutumwa mashineni, huitwa amshike ndama. "Mama, niko kazini." "Kazini wapi, na umekaa hapo?" Mama hana ubaya. Maisha yake yote kazi imeonekana kwa macho, kwa jasho au kwa matope miguuni. Mtoto naye hana budi kujenga heshima ya kazi isiyoonekana, na njia niliyoona inafaa ni ya saa: kazi ianze na kwisha kwa muda unaojulikana, na nje ya muda huo awe mtu wa nyumbani kamili.

Hapo mgeni anayefanyia kazi Ulaya amebahatika. Saa tatu asubuhi ya Berlin ni saa nne au saa tano ya Ganako, kutegemea msimu wao. Ana asubuhi nzima ya kwenda shambani au kisimani. Anayefuata saa za New York anaanza saa kumi au saa kumi na moja jioni, wakati uleule ng'ombe wanakamuliwa, ugali unasongwa na watu wanarudi kukaa pamoja. Huyo ataishi Ganako miezi mitatu bila kuiona jioni moja. Mwenyeji amweleze hivyo kabla hajalipia chumba.

Kuliko yote, nasisitiza msiba. Jirani akifiwa, kazi husimama. Wanaume huchimba kaburi, wanawake hubeba kuni, maji na unga, daftari la michango hupita, na hakuna anayengoja kuitwa. Mgeni wa mwezi wa pili anayeonekana dirishani akiendelea kuongea na kompyuta wakati turubai linafungwa nyumba ya pili, hatatukanwa. Atahesabiwa tu kuwa si mtu wa pale, na kuanzia siku hiyo salamu zake zitaitikiwa kwa adabu, basi. Lawama nyingi nawatupia wenyeji wake. Tunamfanya mteja, tunamficha mambo ili asisumbuke, halafu tunamshangaa kwa kutojua. Aambiwe mapema: nenda, salimia wazee kwa shikamoo, kaa nusu saa, andikisha mchango wako, rudi. Hakuna mwajiri atakayemfukuza kwa nusu saa hiyo. Na siku ya kwanza apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, ajulikane kwa jina na kwa nyumba anakolala.

Upande wa serikali haujatengenea. Kenya ilileta mwaka 2024 kibali maalumu cha wanaofanyia kazi za nje wakiwa ndani ya nchi. Kwetu Tanzania visa ya kawaida ya matembezi huruhusu kukaa hadi siku 90, nayo haikutungwa kwa ajili ya mtu wa namna hii. Katika ardhi tuko salama zaidi: Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hilo si dogo. Kisiwani Bali, mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na vyama vya maji vya wakulima, ambavyo UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2012, yamekuwa yakiliwa na majumba ya kukodisha. Ganako haina shamba la ziada la kujengea majumba hayo. Ina vyumba ndani ya nyumba za watu, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo vya kukodisha, ili kodi iingie kwa mama mwenye nyumba na mgeni ale chungu kimoja na waliomkaribisha.

Iko desturi moja ya Wairaqw ambayo ingemfaa hata anayeondoka. Kwa vizazi vingi wamekuwa wakiwekeana ng'ombe. Mwenye mifugo humpeleka mmoja kwa rafiki wa kijiji kingine. Rafiki hunywa maziwa na kupata samadi, mwenyewe hubaki mwenye mali, na ndama hugawanywa kwa makubaliano. Ugonjwa ukiingia zizi moja haumalizi mali yote, na familia mbili zinabaki na sababu ya kutembeleana. Wageni wa miezi mitatu huuliza waache nini, kisha huacha viatu na fulana. Mwenye uwezo angenunua mtamba mmoja, akamweka kwenye zizi la nyumba aliyoishi, masharti yakatamkwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili. Ndama wa kwanza awe wa mwenye zizi. Mgeni atakuwa na haki ya kuuliza habari za ng'ombe wake, na wenye zizi watakuwa na haki ya kumdai dawa ng'ombe huyo akiugua, hata ikibidi kumpigia simu Toronto usiku wa manane.