Vyeti vya Fundi wa Stima: Tunaolipa Karo Kutoka Mbali Tujue Nini

Ukiwa ng'ambo na kwenu ni Gatitu, Nyeri, huenda unamlipia karo kijana anayesomea stima, au unajenga na unamtafuta fundi wa kukufungia waya. Mara nyingi pesa tunazituma bila kuuliza kijana atatoka na cheti gani, wala fundi ana leseni ipi. Si uzembe. Njia ya kuwa fundi wa stima Kenya imepindapinda tangu mwanzo.

Mwaka 1966 baraza la makanisa, NCCK, lilitoa ripoti kuhusu watoto waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda. Hapo ndipo lilipokua wazo la vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwaka 1972 kikaanzishwa Kimathi Institute of Technology, matunda ya harambee ya watu wa Nyeri wenyewe. Mwaka 2007 chuo hicho kikawekwa chini ya chuo kikuu cha JKUAT, na 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Ninajivunia chuo kikuu hicho. Lakini wazazi walichanga ili watoto wapate ufundi, na sasa asiye na alama kubwa huenda akalazimika kutafuta mlango mwingine.

Milango ipo. Vyuo vya vijijini viko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa katiba ya 2010 ulipoanza kutekelezwa, na mjini Nyeri kuna Nyeri National Polytechnic. Kozi ya diploma kwa kawaida hudai C- katika mtihani wa KCSE, ya cheti hudai D, na ya fundi wa ngazi ya chini humpokea hata aliyepata E. Kando ya masomo ya darasani kuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wenye Gredi ya III, II na I. Huu naupenda zaidi, kwa sababu aliyejifunza kwenye mjengo, akishika koleo nyuma ya fundi mkuu, anaweza kuufanya na ujuzi wake ukatambuliwa.

Hata hivyo, cheti cha chuo au cha NITA hakimruhusu mtu kufunga waya za nyumba kwa jina lake. Ruhusa hiyo hutoka EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na leseni zake huanzia daraja C-2 kwenda juu. Aliye na leseni ndiye anayetia sahihi kuwa kazi imekamilika na ni salama, kabla ya Kenya Power kuleta mita. Kuna wanaofanya kazi yote bila leseni, kisha wakatafuta mwenye leseni wa kutia sahihi tu, bila yeye kufika kwenye nyumba.

Hatari yake ni kubwa, hasa kwetu mlimani. Nyeri ni baridi, na watu wengi wanataka shawa inayochemsha maji papo hapo. Mtambo huo huvuta zaidi ya ampea 20. Unahitaji waya wake mnene, swichi yake ya kukata umeme, na waya wa ardhi uliofungwa kweli. Fundi akiuunga kwenye waya wa milimita 2.5 wa soketi, utapata joto ndani ya ukuta. Akiacha ardhi, anayeoga ndiye anayebeba mzigo. Plasta ikishapakwa, hutaona lolote kwenye picha utakazotumiwa WhatsApp.

Kazi za nyumba ziliongezeka sana tangu 2015, mradi wa serikali wa Last Mile uliposhusha gharama ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 za transfoma. Nyumba nyingi zilihitaji waya kwa muda mfupi, na si rahisi mafundi wenye leseni kuongezeka kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo unapopanga karo, weka kando pesa za mtihani wa NITA, za vifaa na za kuomba leseni. Kijana akifikiria Ujerumani, iliyotia sahihi mkataba wa ajira na Kenya Septemba 2024, ajue kuwa mafunzo ya fundi wa umeme huko ni miaka mitatu na nusu, sehemu kubwa kazini na sehemu shuleni, na Kijerumani kinatangulia. Na kwa nyumba yako, omba nambari ya leseni ya fundi, uihakiki EPRA, kisha umwombe akupigie video kuta zikiwa bado wazi.