Mlango wa Meli Iliyozamishwa: Nani Aruhusiwe Kuingia?

Mwaka 2002 meli iliyoitwa Dania, ambayo katika uhai wake ilikuwa ikibeba mifugo baharini, ilizamishwa kwa makusudi mbele ya pwani ya Bamburi na Nyali, karibu na Mombasa. Haikugonga mwamba wala haikushindwa na dhoruba. Ilikuwa imezeeka, ikapewa kazi ya pili: kuwa mwamba wa kutengenezwa, ambapo matumbawe huota juu ya chuma na samaki hupata maficho. Imekaa wima katika kina kinachokaribia mita 30, na urefu wake unakaribia mita 80. Chewa na samaki wa kila namna wamefanya maskani ndani yake, na wapiga mbizi hutoka nchi za mbali kwenda kuitazama.

Wasomaji wetu walioko Kabuta na Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, waweza kuuliza jambo hili lawahusu nini. Lawahusu kwa sababu mbili. Kwanza, askari na polisi wengi hufika pwani kwa mafunzo au likizo, na kijana aliyezoea kuogelea ziwani huona kwamba mtungi wa hewa mgongoni ni kitu cha kujaribu mara moja. Pili, kila panapozamishwa chombo, au kinapozama chenyewe, wa kwanza kuitwa kulinda mahali hapo ni watu wenye sare. Yafaa basi wajue wanalinda nini, na wamzuie nani.

Tuanze na sheria. Mkataba wa kimataifa uliofanywa London mwaka 1972 wakataza kutupa takataka baharini, na meli kuukuu ni takataka kama nyingine. Lakini mkataba huohuo watenganisha kutupa kitu na kukiweka mahali kwa shughuli iliyokusudiwa, madhali shughuli hiyo haipingani na shabaha za mkataba. Tofauti hiyo ndiyo mlango ambamo meli kama Dania hupita. Ndiyo pia mlango ambamo mjanja angependa kupitisha chuma chake kibovu ili aepuke gharama ya kukivunja. Kwa hiyo afisa aliye zamu akiambiwa kwamba chombo fulani kinazamishwa “kwa ajili ya samaki,” na aulize kibali kiko wapi na nani aliyekikagua. Mafuta yote hutakiwa yawe yametolewa, pamoja na nyaya, rangi zenye sumu, milango inayoning'inia na kila kitu kinachoelea. Matundu makubwa hukatwa ubavuni na katika sitaha ili mwanga uingie na mtu aweze kutoka.

Hata hivyo meli ina ukaidi wake. Mwaka huohuo wa 2002 Wamarekani walikuwa wakiitayarisha Spiegel Grove, meli ya zamani ya jeshi lao la wanamaji, ili izamishwe mbele ya Key Largo, jimbo la Florida. Siku ya tarehe 17 Mei ilizama kabla ya saa yake, ikapinduka, na pua yake ikabaki imechomoza juu ya maji. Ilibidi kazi ifanywe upya mpaka ikalala ubavu chini ya bahari. Mwaka 2005 tufani iitwayo Dennis ikaja ikaisimamisha wima, jambo ambalo wahandisi hawakuwa wameliweza. Tunalitaja hili kwa sababu liko fundisho la kazi ndani yake: ramani iliyochorwa siku ya kuzamisha si amri ya milele. Bahari husogeza chuma, na kutu hula kuta. Njia iliyokuwa wazi mwaka jana yaweza kuwa imeziba mwaka huu.

Sasa tufike penye kiini cha maneno yetu, yaani ruhusa. Ziko nchi ambazo huiacha meli ya namna hii kama kisima kisicho na mwenyewe, kila mtu huja na kamba yake. Ziko nyingine ambazo huiweka chini ya ulinzi tangu siku ya kwanza, nasi twaona hizi ndizo zenye hekima. Australia ilipoizamisha manowari yake Brisbane tarehe 31 Julai 2005, mbele ya Mooloolaba katika jimbo la Queensland, mahali pale pakafanywa hifadhi. Manowari hiyo ilikuwa imepigana Vietnam na katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, kwa hiyo wako askari waliokuwa wakiiona kama nyumba yao. Atakaye kushuka hupata kibali kwanza. Mashua hazitupi nanga juu ya meli. Hufungwa katika maboya yaliyowekwa. Kuvua samaki ni marufuku, na kuchukua hata msumari ni marufuku.

Amri hiyo ya nanga wengi huidharau, nayo ndiyo inayookoa meli. Katika Bahari ya Shamu imelala Thistlegorm, meli ya Waingereza iliyopigwa kwa mabomu ya ndege za Wajerumani mwezi Oktoba 1941 ikiwa imesheheni malori, pikipiki na risasi. Kwa miaka mingi mashua za watalii zilifunga kamba zao moja kwa moja katika mabaki yake, zikang'oa vipande vya chuma vilivyokuwa vimestahimili vita na chumvi.

Kenya, Mbuga ya Bahari ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1986 husimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, na mgeni anayeingia hulipa ada. Wavuvi nao wana kamati zao za usimamizi wa fuo zilizowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, na tangu mwaka 2018 kuna Huduma ya Walinzi wa Pwani. Mpiga mbizi mwenye adabu hupitia kituo kinachojulikana, huonyesha cheti chake, na huandikwa jina kabla mashua haijang'oa nanga. Mvuvi asichukuliwe kuwa adui. Yeye ndiye aliyeombwa asogeze nyavu zake kwa ahadi kwamba samaki watazaliana. Asiposhirikishwa ataona kwamba bahari ya babu yake imepewa watu wenye viatu vya mpira, na hapo kazi ya polisi itaongezeka bila sababu.

Cheti si karatasi ya urembo. Mtu aliyemaliza mafunzo ya awali hutakiwa asishuke zaidi ya mita 18. Dania imekaa karibu na mita 30, kina ambacho huhitaji mafunzo ya daraja la pili. Katika kina hicho mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu ya maji, kwa hiyo mtungi ambao juu ungedumu saa nzima humalizika kwa robo saa. Jedwali moja linalotumika sana huruhusu dakika 20 tu katika mita 30. Akizipita, mpiga mbizi hawezi tena kupanda moja kwa moja. Hewa ya naitrojeni iliyoingia katika damu yake itatoka kwa viputo, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, naye aweza kupooza au kufa.

Na hayo ni kwa yule anayezunguka nje. Kuingia ndani ni habari nyingine kabisa. Mwezi Machi 2007 wapiga mbizi wanne walishuka katika Spiegel Grove ile ile. Watatu waliingia ndani kabisa ya meli na hewa ikawaishia humo. Hawakuuawa na papa wala na mkondo. Ndani ya meli, pigo moja la mguu huinua tope lililotulia kwa miaka, na taa iliyokuwa ikimulika ukuta haimuliki tena hata kiganja. Juu si juu tena, na mlango ulioingilia hauonekani. Ndiyo maana kuna kanuni ya kamba: mtu hufunga kamba nje, huiachia akiingia, huifuata akitoka. Tena kuna kanuni ya theluthi: theluthi moja ya hewa ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya mwisho haiguswi ila kwa dharura. Asiyefunzwa hayo abaki nje ya mlango, awe luteni au kamishna. Cheo hakipumui chini ya maji.

Twasisitiza pia kwamba si kila meli iliyolala chini ni bustani. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja na kuizamisha. Mabaharia waliokufa ni 38. Mabaki ya namna hiyo hutazamwa kwa heshima na hayaguswi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 walinda mabaki yaliyokaa majini miaka 100 au zaidi. Lakini heshima haingoji miaka 100. MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa na mamia ya watu ni kaburi. Siku ile waokoaji walitoboa tumbo la meli iliyokuwa bado ikielea kifudifudi, wakitaka kuwatoa waliokuwa wakigonga ndani; hewa ikatoka, meli ikazama. Nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni wapiga mbizi waliofunzwa kuingia katika chombo kilichopinduka, na wale walioitwa kutoka Afrika Kusini walikuja kutoa maiti.

Kwa Ziwa Mweru, mambo matatu yatofautiana na pwani. Kina chake kikubwa ni karibu mita 27 tu, na maji ya Luapula huleta udongo mwingi, hivyo macho hayafiki mbali. Aongezeaye giza la chumba cha meli juu ya giza hilo amejitakia. Pili, mpaka na Kongo wapita ziwani, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zambia ya mwaka 2011 ipo. Asitokee mtu kuzamisha boti kuukuu mbele ya Kabuta akidai anawafugia samaki kijiji, hasa katika miezi ya Desemba hadi Februari ambapo uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane.

Jambo la tatu ni urefu wa mahali penyewe. Ziwa liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambapo mgandamizo wa hewa ni kama tisa ya kumi ya ule wa pwani. Jedwali lililoandikwa kwa ajili ya bahari halifai kusomwa hapa kama lilivyo. Anayeshuka mita 18 Mweru ahesabu kama ameshuka mita 20: muda wake si dakika 56 bali 45, na mwangalifu hupunguza zaidi. Hesabu hiyohiyo humhusu askari aliyepiga mbizi Bamburi asubuhi akiwa na tiketi ya ndege ya jioni mfukoni. Na angoje saa 18, hata kama likizo yake imekwisha, na apige simu kikosini kueleza sababu ya kuchelewa.