Kwa Nini Jackie Chan Akichapwa Ndio Tunacheka Zaidi?

Hebu jiulize, msee wangu: Drunken Master ushaicheki mara ngapi? Unajua nani atashinda, na bado ukiipata inachezwa kwa kibanda cha video Majengo, ama kwa simu ya beshte mkiwa barazani Old Town, lazima usimame. Kuna nini pale?

Anza na Bruce Lee. Alipofariki 1973, Hong Kong ilijaa mastaa wa kumuiga: uso umekazwa, ngumi moja, maadui kumi chini. Lakini Bruce alikuwa mmoja tu. Mwaka 1978 Jackie Chan na direkta Yuen Woo-ping wakaja kivyao. Kwa Snake in the Eagle's Shadow, Jackie ni yatima wa kufagia shule ya kung fu, na wenzake wanamfanya gunia la mazoezi. Kwa Drunken Master ni kijana mtundu, anadundwa hadi anaaibika, halafu anarudi kwa mwalimu mlevi kujifunza upya.

Siri ndio hiyo. Steringi hafi, hilo twalijua wote. Lakini huyu steringi anaogopa, anatoroka, na akigonga mtu anatikisa mkono juu ya uchungu. Bruce unatamani kuwa yeye. Jackie tayari ni wewe.

Pili, cheki silaha zake: kiti, ngazi, ndoo. Kwa Project A ya 1983 anafukuzwa na maadui kwa baiskeli kwenye vichochoro vyembamba. Mtu wa Old Town haelezwi hiyo. Ukipita nyuma ya Ndia Kuu ukikwepa mkokoteni, pikipiki na paka kwa wakati mmoja, ushajua kona inaweza kukuokoa.

Tatu, hii ni ngoma. Jackie alilelewa kwa shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao. Mapigano yalifunzwa pamoja na kuimba na sarakasi, kwa hivyo kila pigo lina mdundo. Pwani tuna kirumbizi: wawili na fimbo zao, zumari inalia, watu wamezunguka. Hawaji kuona damu, wanakuja kuona wepesi na madoido.

Ndio maana lugha haisumbui. Teke halitafsiriwi. Sisi tumeongeza chumvi tu: DJ Afro alijenga jina akisimulia muvi za nje kwa Kiswahili na Sheng. Kampala nao, Wakaliwood walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na VJ Emmie anapiga mizaha juu ya vita mwanzo hadi mwisho.

Lakini usidhani ni mchezo. Kwa Project A, Jackie alianguka kutoka mnara wa saa kweli kweli. Akishuti Armour of God kule Yugoslavia, aliteleza kutoka mtini, fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji wa kichwa. Huyo ni mtu aliyefunzwa tangu utotoni, na bado nusura aende. Kwa hivyo kabla hujaruka ukuta ukirekodiwa TikTok, fikiria tena. Ukitaka kumuiga, iga kuchekwa, kisha kesho urudi mazoezini.

Haya, wewe ni muvi gani ya Jackie huwezi kuchoka nayo?