Seva ya Msikiti: Tununue Inayotosha, Tusinunue ya Fahari

Darasa za baada ya Magharibi hapa Tunduma zina wanafunzi wasioweza kufika msikitini: mama anayenyonyesha, mgonjwa, na dereva wa lori aliye kwenye foleni ya kuvukia Nakonde. Kwa ajili yao kamati yetu inajadili ununuzi wa seva, yaani kompyuta iwakayo muda wote ili kuhifadhi darasa na kuzirusha mtandaoni.

Fedha ni za sadaka, na sadaka ni amana. Hivyo swali la kwanza si jina la kompyuta bali kazi yake. Kurusha sauti kwa Icecast, programu isiyolipiwa, hakuhitaji nguvu nyingi. Kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini, au hata Raspberry Pi 4 yenye adapta ya wati 15, inatosha. Uzito huja kwenye video. Programu kama Jellyfin ikilazimika kuigeuza video ilingane na simu ya mtazamaji, prosesa huelemewa, isipokuwa iwe na sehemu maalumu ya kazi hiyo, kama Quick Sync ya Intel.

Kizuizi kikubwa zaidi ni kasi ya intaneti ya kupandisha. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, ikisikilizwa na watu 50 kwa pamoja, hudai megabiti 3.2. Video ya megabiti 2 kwa watu haohao hudai megabiti 100, na seva ya mamilioni haiipanui njia hiyo. Tena saa moja ya sauti hiyo hula takriban megabaiti 29 za bando la msikilizaji; ya video hula 900. Mama wa nyumbani ataimudu ipi?

Umeme nao hukatika. UPS ni ya lazima. Diski ziwe mbili, moja ikae nje ya msikiti, kwani darasa za shekhe aliyetangulia mbele ya haki zikifutika hazirekodiwi tena.

Aya ya 67 ya Surat al-Furqan huwasifu wanaotoa bila israfu wala ubahili. Kwa mizani hiyo, rai yetu ni sauti kwanza, kompyuta ya kawaida, UPS na diski mbili. Kitakachosalia kilipie intaneti ya mwaka mzima. Wallahu a'lam.