Meli Kongwe na Tumbo la Mtoto

Mtoto wa Kakamega huonja safari ya meli kabla hajaliona ziwa. Huionja ndani ya matatu, pale gari linapoipita Kiboswa na kuanza kuteremka kona baada ya kona kuelekea Mamboleo. Mji wa Kakamega uko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134. Katika mteremko huo jasho baridi humtoka mtoto kipajini, mate humjaa mdomoni, miayo humwandama, na mama huanza kutafuta mkebe. Mzazi aliyeyazoea hayo, na ambaye sasa anapanga kuwapandisha watoto meli wakati wa likizo, ana haki ya kuuliza: ikiwa kilomita hamsini za lami zinafanya hivi, usiku mzima majini utakuwaje?

Meli ambayo familia kama hiyo inaweza kuifikia bila kuuza ng'ombe ni MV Victoria. Kwa asili ni meli ya Kisumu. Ilitengenezwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Victoria ilibaki upande wa Tanzania. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa Mwanza, ikarudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina refu, New Victoria Hapa Kazi Tu, na njia yake ni Mwanza hadi Bukoba kupitia Kemondo. Hubeba abiria 1,200. Meli za anasa za Caribbean ni viumbe wa aina nyingine: Icon of the Seas ina nafasi ya abiria zaidi ya 7,000 na urefu wa mita 365, na ukubwa huo peke yake huyameza mawimbi mengi kabla hayajamfikia abiria. Meli ndogo huyasikia yote.

Anayeyasikia zaidi ni mtoto, na chanzo kimo sikioni.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma, kuna mirija mitatu iliyopinda nusu duara na kujaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo huchelewa kidogo na kuvipinda vinyweleo vinavyopeleka habari kwenye ubongo. Karibu na mirija kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno za chokaa; hizo hupima kupanda, kushuka na kuinama. Sasa mtoto amekaa chumbani, macho yake yanaona ukuta, meza na kikombe, vyote vimetulia. Sikio linasema tunapanda, tunashuka. Ubongo unapokea taarifa mbili zisizopatana, na tumbo ndilo linalolipa. Mwaka 1977 mtafiti Michel Treisman alipendekeza kwamba ubongo huuchukua mgongano huo kuwa dalili ya sumu, kwa sababu sumu nyingi huvuruga hisi, na hivyo huamuru tumbo limwage kilichomo. Nadharia hiyo bado inajadiliwa. Kwamba sikio ndilo kiini, hilo halina ubishi: tangu karne ya 19, William James wa Marekani alibainisha kuwa viziwi wengi ambao sehemu hiyo ya sikio haikufanya kazi hawakupata kizunguzungu. Watu wa namna hiyo bahari haiwatapishi.

Kila mwendo una athari yake. Majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba unaochafua tumbo kuliko yote ni kupanda na kushuka polepole, takriban mara moja kwa kila sekunde tano, na ndio mwendo wa chombo kinachokwenda mrama katika mawimbi ya wastani. Umri nao una neno. Watoto chini ya miaka miwili huathirika mara chache. Kuanzia hapo kero huongezeka, hufikia kilele karibu na miaka tisa au kumi, kisha hupungua katika ujana. Kwa hiyo katika familia ya watoto watatu kitinda mimba anaweza kulala fofofo mgongoni huku mwanafunzi wa darasa la nne akitapika hadi nyongo. Wenye kipandauso pia huathirika zaidi.

Pa kukaa ni muhimu kuliko dawa, na ni bure. Meli inapopigwa na wimbi huwa kama pembea ya ubao: omo na tezi hupaa na kuzama, katikati hapasogei sana. Chumba cha chini, katikati ya meli, ndicho cha mtoto anayetapika. Kukiwa bado mchana, akae sitahani pasipo na moshi wa injini, atazame mstari ambapo maji hukutana na mbingu, ili macho yaseme lile lile linalosemwa na sikio. Usiku alale chali, afumbe macho. Simu ya katuni, ambayo wazazi wengi huitoa haraka ili mtoto atulie, ndiyo inayomtapisha, maana hukaza macho kwenye kitu kisichotikisika. Tumbo tupu halisaidii. Ugali mwepesi au mkate saa chache kabla ya kuondoka unatosha, si sahani ya kuku wa kukaanga kwenye stendi.

Dawa zipo katika maduka ya dawa mjini Kakamega, na sharti la kwanza ni kumweleza mfamasia umri na uzito wa mtoto. Promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kuizuia pumzi yake. Sinarizini hutumiwa kuanzia miaka mitano, saiklizini kuanzia sita. Humezwa saa moja au mbili kabla ya kupanda; kutapika kukishaanza, kidonge hakikai tumboni. Zote huleta usingizi. Tangawizi imewafaa baadhi ya watu katika majaribio, ingawa matokeo hayafanani, na mikanda ya mkononi inayobonyeza mshipa haijathibitika.

Mrama una jambo jingine la kueleza, na hili ni zito kuliko kichefuchefu. Meli yenye uzito mwingi chini, kwa shehena au farumi, hulala upande kisha hurudi wima kwa haraka, kwa kishindo. Watoto hutapika, lakini meli ina nguvu ya kujiinua. Meli iliyojaza watu na mikungu ya ndizi sitaha za juu hulala taratibu, hukawia pale ilipolala, kisha hurudi kwa uvivu. Tumbo huufurahia mwendo huo. Baharia mwenye akili huuogopa, kwa sababu kitovu cha uzito kimepanda na nguvu ya kuirudisha meli wima imepungua.

Ndiyo maana swali ambalo wazazi wengi huanza nalo, meli ina miaka mingapi, halitoshi. MV Bukoba ilianza kazi mwaka 1979. Tarehe 21 Mei 1996 ilipinduka ikikaribia Mwanza, ikiwa na umri wa miaka 17 tu. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Ilibaki ikielea kifudifudi kwa hewa iliyonaswa ndani, na waokoaji walipotoboa bamba ili kuwafikia waliokuwa wakigonga, hewa ile ikatoka na meli ikazama. MV Nyerere ilikuwa changa zaidi, ya mwaka 2004. Tarehe 20 Septemba 2018 ilipinduka mita chache kabla ya gati la kisiwa cha Ukara, ikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya 101 walioruhusiwa, na zaidi ya 220 wakafa. Siku mbili baadaye mhandisi mmoja alitolewa akiwa hai kutoka mahali palipobaki na hewa. Victoria ilikuwa kongwe kuliko zote mbili, na ingali inasafiri.

Chuma kikuukuu kina madhara yake, bila shaka. Meli nyingi za miaka ya 1960 zilifunikwa mabomba kwa asbesto, ambayo mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli ulianza kuipiga marufuku katika vifaa vipya mwaka 2002. Lakini vumbi lake humdhuru fundi anayebomoa na kukata, kwa miaka mingi, kuliko abiria wa usiku mmoja. Kinachopindua meli ni idadi ya watu na mahali walipo. Mzazi akiwa kwenye gati na kuona watu wanaendelea kuingia bila mtu kuhesabu tiketi, asipande, hata kama ameshalipa. Akipanda, adai jaketi la kuokolea maisha la saizi ya mtoto na amvishe pale pale ili kulijaribu. Njia ni rahisi: likishafungwa, mzazi hulishika mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi kufunika kidevu na masikio, majini litamvuka mtoto kichwani. Na meli ikifika gatini, familia isikimbilie upande wa kushukia pamoja na umati.

Hali ya hewa huwadanganya watu wa Kakamega zaidi ya wengine. Nyumbani asubuhi huwa shwari, na radi huja alasiri. Chanzo cha radi hiyo ni ziwa lenyewe: mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo huvuma kutoka majini kupanda milimani, hukutana na upepo wa mashariki, na mvua huteremka na mawe yake. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, upepo hushuka kutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa. Dhoruba za Ziwa Victoria hukomaa usiku na alfajiri, saa ambazo mtu wa Kakamega huziamini na saa ambazo meli ya Bukoba iko majini. Utafiti wa Wim Thiery na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa dhoruba hizo zitazidi kuwa kali kadiri dunia inavyopata joto. Idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda na Tanzania hutoa utabiri wa ziwa. Ni utabiri wa usiku ambao familia inapaswa kuusikiliza.

Kisha kuna matangi ya maji na vyoo. Maradhi ya kuhara hupenda mahali ambapo watu wengi hushika kitasa kimoja, na katika meli ndogo vitasa ni vichache. Virusi vya noro vinahitaji chembe zisizofika ishirini kumwangusha mtu, hukaa juu ya vyuma kwa siku kadhaa, na dawa ya kutakasa mikono yenye pombe haviogopi sana. Sabuni na maji yanayotiririka ndivyo vinavyoviondoa. Mtoto aliyepatwa huanza kutapika saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa, na hapo mzazi hudhani ni mawimbi. Tofauti ni kwamba kichefuchefu cha mawimbi huisha muda mfupi baada ya kukanyaga nchi kavu, na hakileti homa wala kuhara.

Afrika Mashariki inayo kumbukumbu ya meli kongwe na kuhara. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka. Wagonjwa walipita 3,000 ndani ya wiki chache. Iliyowatoa pale ni Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915. Haikuweza hata kusogea ufukweni. Watu walifikishwa kwake kwa mashua, na watumishi wa afya walikuwa na kazi ya kuwanywesha maji ya chumvichumvi na sukari wale waliokauka. Maji hayo hayo, ORS, ndiyo ya kwanza kuingia katika mkoba wa familia. Mtoto anayetapika hupewa kijiko kimoja kimoja kila baada ya dakika chache, na akihara huongezewa zinki: miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, kwa aliyevuka miezi sita. Maji ya kunywa yabebwe kutoka nchi kavu katika chupa zilizofungwa.

Kabla ya yote hayo kuna kadi ya manjano. Anayetoka Kenya kuingia Tanzania anaweza kuulizwa cheti cha homa ya manjano mpakani Sirari. Chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari, na dozi moja sasa huhesabiwa ya maisha. Kakamega pia ni miongoni mwa kaunti za kwanza nchini kupata chanjo ya malaria, kwa hiyo mzazi wa mtoto mdogo aangalie kama tarehe ya dozi haitaangukia safarini.

Hatari ya mwisho huonekana kama raha yenyewe. Familia imefika Bukoba salama, jua limetoka, watoto wamevua viatu na wanacheza kwenye maji ya kina kifupi karibu na majani. Hapo ndipo huishi konokono wa kichocho cha matumbo. Wadudu wanaotoka kwa konokono huyo hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Baadhi ya watoto huwashwa, wengi hawahisi chochote. Kukaa ndani ya meli hakumwambukizi mtu, ufukwe ndio humwambukiza. Aliyeingia majini asikimbilie dawa siku anayorudi Kakamega, kwa sababu prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa na kuiacha michanga. Wiki sita hadi nane baadaye mayai huanza kuonekana kinyesini, na hapo ndipo mtoto hupelekwa hospitali kupimwa. Akikutwa nayo, hupewa miligramu 40 za dawa kwa kila kilo ya uzito wake, akiwa ameshakula.