Roboti Ndogo na Mraba Usiofunga

Iamuru roboti ndogo ya magurudumu mawili iende mbele mita moja, igeuke kulia nyuzi 90, kisha irudie hivyo mpaka zitimie mara nne. Kwa hesabu za darasani itarudi pale pale ilipoanzia, ikiwa imezunguka mraba. Sakafuni hairudi. Husimama kando ya alama ya chaki uliyoiweka mwanzoni, pengine hatua nzima, huku imeelekea upande ambao hukuutaka. Programu haina kosa na waya hazijalegea. Amri ilitolewa kwa namba, lakini kilichoitekeleza ni mpira wa tairi, gia za plastiki na umeme wa betri.

Pengo hilo kati ya amri na mwendo ndilo somo kubwa kuliko yote ambayo roboti ya aina hii inaweza kumpa mtu, na inanisikitisha jinsi linavyorukwa. Wanaoanza hukimbilia kamera, sauti na kuiongoza roboti kwa simu kabla hawajajua kama gurudumu la kushoto linalingana na la kulia.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1967 Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, pamoja na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, waliunda Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Baadaye lugha hiyo ilipewa kobe: kwanza mashine ya kweli yenye magurudumu na kalamu, iliyotambaa sakafuni kwenye chuo cha MIT, Marekani, halafu kobe wa kwenye skrini. Huyu wa skrini ndiye aliyeenea duniani, kwa kuwa hana gharama na mraba wake hufunga kila mara. Kobe wa sakafuni anadai kitu ambacho mwenzake hakidai: lazima umpime.

Roboti ninayoizungumzia hapa ni ile ambayo vipuri vyake utavikuta kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Ubongo wake ni bodi ya Arduino Uno, yenye kasi ya megahezi 16 na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu. Mota zake ni zile za manjano zenye gia ya 48 kwa 1, magurudumu yana kipenyo cha milimita 65, na nyuma kuna kigurudumu kimoja kinachozunguka huru. Kati ya ubongo na mota kuna bodi ya kuendeshea mota, mara nyingi L298N. Mbele kuna kihisi cha mwangwi, HC-SR04, chenye matundu mawili yanayofanana na macho.

Tuanze na umeme, maana roboti nyingi hushindwa kabla hata hazijaondoka. Pini ya Arduino haitakiwi kubeba zaidi ya miliampea 20 hivi, na mota inapoanza kusukuma, au inapokwama, inaweza kudai ampea nzima. Ndiyo sababu kuna bodi ya katikati. Lakini L298N ni ya teknolojia ya zamani na yenyewe hula volti 2 hivi njiani. Ukifunga betri nne za AA, ambazo kwa pamoja ni volti 6, mota zitabakiwa na volti 4 au chini ya hapo, na roboti itajikongoja. Ile betri ya mraba ya volti 9 inayowavutia wengi kwa udogo wake haifai kabisa. Ina volti za kutosha, ila haiwezi kutoa mkondo mkubwa. Mota zikianza, volti zinaanguka, Arduino inazimika na kujiwasha upya, roboti inashtuka mbele kidogo, inasimama, inashtuka tena. Mtu anaweza kutafuta kosa kwenye programu siku nzima ilhali kosa liko kwenye betri.

Seli mbili za lithiamu za 18650 zilizofungwa mfululizo hutoa volti 7.4, na hizo zinatosha. Ila ziheshimiwe. Seli ikipigwa shoti hutoa mkondo mkubwa wa kuyeyusha waya na kuwasha moto, na seli iliyochomolewa kwenye betri kuukuu ya laptopu haina kinga wala historia inayojulikana. Nunua zenye kinga, weka swichi na fyuzi, usiziache zishuke chini ya volti 3 kila moja, na usizichaji ukiwa umelala au umetoka. Kisha hakikisha hasi ya betri ya mota na graundi ya Arduino zimeungana. Zisipoungana, bodi ya mota haina cha kulinganishia amri inazopokea, na magurudumu yatazunguka ovyo au yasizunguke kabisa.

Mara ya kwanza ya kuwasha, ipandishe roboti juu ya kitabu, magurudumu yaning'inie hewani. Iamuru iende mbele. Gurudumu moja likirudi nyuma, geuza waya zake mbili, basi. Halafu itafute nguvu ndogo kabisa inayoliondoa kila gurudumu. Arduino huipa mota nguvu kwa namba kuanzia 0 mpaka 255, na chini ya kiwango fulani mota huvuma tu bila kuzunguka. Kiwango hicho si kimoja kwa mota zote mbili, ingawa zimetoka kwenye pakiti moja. Kiandike. Ukiishusha roboti sakafuni, rudia kipimo hicho, kwa kuwa sasa inabeba uzito wake.

Kutoka hapa ndipo kazi inapopata utamu. Mota mbili zisizolingana zikipewa nguvu sawa, roboti haiwezi kunyooka. Dawa ya kwanza ni kuhesabu mizunguko. Mota hizi huuzwa na kisahani chenye mianya 20 kinachozunguka pamoja na gurudumu, na kihisi cha mwanga kinachohesabu mianya inapopita. Uno ina pini mbili tu, ya 2 na ya 3, zinazoweza kukatiza programu papo hapo kila mwanya unapopita. Kwa bahati njema magurudumu nayo ni mawili. Programu hulinganisha hesabu za pande zote mbili mara nyingi kwa sekunde na kulipunguzia nguvu gurudumu lililotangulia. Kihisi cha namna hii hakitambui mwelekeo, kinahesabu vilevile gurudumu likienda mbele au likirudi nyuma, kwa hiyo programu ndiyo yenye kukumbuka iliamuru nini.

Sasa hesabu. Gurudumu la milimita 65 lina mzingo wa milimita 204, kwa hiyo kila mwanya ni safari ya milimita 10.2 hivi. Mita 2 ni mianya 196. Tandaza utepe wa kupimia, iamuru roboti iende mianya 196, kisha soma ilipofika. Ikifika mita 1.94, mwanya wako halisi ni milimita 9.9. Namba hiyo ya utepe ndiyo ya kuandikwa kwenye programu, hata kama kifungashio cha gurudumu kinasema vingine.

Kugeuka kuna ukali zaidi. Ikiwa magurudumu yako umbali wa sentimita 13, basi roboti inapojizungusha papo ilipo kwa nyuzi 90, moja likienda mbele na jingine nyuma, kila gurudumu husafiri sentimita 10.2: mianya 10 tu. Gurudumu moja likikosea mwanya mmoja, uelekeo unapotoka kwa nyuzi 4.5 hivi. Ni kidogo kwa macho. Ila ikienda mita 2 baada ya hapo, itakuwa sentimita 16 nje ya njia. Kosa la umbali hubaki dogo. Kosa la uelekeo hukua kwa kila sentimita inayofuata. Nahodha anayekadiria alipo kwa mwendo na dira peke yake, bila kuona nchi kavu, ana hesabu hiyo hiyo mkononi.

Tena kuna ukweli ambao kuhesabu mianya hakuwezi kuuona. Tuseme gurudumu la kushoto ni kubwa kuliko la kulia kwa asilimia 1, yaani nusu milimita na ushei. Mianya italingana kabisa, na programu itaridhika. Lakini katika mita 2 upande wa kushoto utakuwa umesafiri sentimita 2 zaidi, na roboti itakuwa imepinda kulia karibu nyuzi 9. Umbali kati ya magurudumu nao ni wa kukadiria tu, maana tairi ni pana na huwezi kujua kwa rula ni sehemu ipi hasa ya upana huo inayobeba mgeuko.

Miaka ya 1990 Johann Borenstein na Liqiang Feng wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilitazama tatizo hili kwa makini na kutoa jaribio ambalo kwangu ni moja ya mambo mazuri zaidi katika fani nzima, kwa sababu linahitaji sakafu na utepe tu. Roboti huzungushwa mraba wa mita 4 kwa 4, mara tano kwa kufuata mshale wa saa na mara tano kinyume chake, na kila mara hupimwa imesimama wapi.

Kwa nini pande zote mbili? Chukua roboti ambayo hugeuka pungufu, nyuzi 88 badala ya 90, na ambayo pia hupinda kulia inapotakiwa kunyooka. Ikizunguka mraba wa kulia, kule kupinda kunaongeza kile kilichopungua kwenye kona, na makosa mawili yanafutana. Inarudi kwenye chaki, mwenyewe anafurahi, anafungua maonyesho. Izungushe kushoto, na makosa yale yale sasa yanajumlishana, itapotea mbali. Kosa la umbali kati ya magurudumu hupunguza au huongeza mgeuko kwa pande zote mbili vilevile, wakati kosa la vipenyo huongeza upande mmoja na kupunguza wa pili. Ukiwa na matokeo ya pande zote mbili unaweza kuyatenganisha na kulirekebisha kila moja kwa namba yake. Sebuleni mraba wa mita 2 unatosha, mradi umeondoa mkeka.

Mkeka, mchanga na sakafu yenye vumbi huleta jambo la tatu, kuteleza, na hilo halina namba ya kudumu. Roboti za Marekani zilizotua sayari ya Mirihi mwaka 2004, Spirit na Opportunity, zilikumbana nalo kwenye miteremko ya mchanga: magurudumu yalizunguka na chombo kisisogee ipasavyo. Zililazimika kupiga picha za ardhi kabla na baada ya kusogea ili zijue zimekwenda kiasi gani.

Kihisi cha mwangwi kinasaidia, kwa kuwa kinapima ulimwengu badala ya magurudumu. Hutoa sauti ya kilohezi 40 isiyosikika na kungoja irudi. Kwa kila sentimita ya umbali mwangwi huchukua mikrosekunde 58. Namba hiyo ni ya hewa ya nyuzi joto 20. Mchana wa Dar es Salaam, kwenye nyuzi 32, sauti hukimbia zaidi na namba sahihi ni 57. Pazia humeza sauti, na ukuta laini ulio mshazari huirusha pembeni isirudi, kwa hiyo roboti huamini mbele kuko wazi. Hatari kubwa zaidi iko ndani ya programu. Amri ya kusubiri huisimamisha programu, lakini haisimamishi mota. Ikiwa roboti inakwenda sentimita 30 kwa sekunde na programu inasubiri nusu sekunde, itapita sentimita 15 bila kuangalia. Andika programu inayotazama saa na kurudi haraka kwenye vihisi, badala ya ile inayolala katikati ya safari.

Wengine hufunga kihisi cha mgeuko (gyroscope), kinachopima roboti inavyogeuka, ili kulinda uelekeo, na nawaunga mkono, mradi wakumbuke kuiacha roboti itulie kabisa kwa sekunde chache kila inapowashwa, ipime sifuri yake. Nacho hupotoka taratibu kadiri muda unavyopita. Magurudumu hupotoka kwa umbali, kihisi hiki hupotoka kwa muda, na programu nzuri huvitumia vyote viwili kusahihishana. Ukibadilisha tairi au ukiongeza betri nzito upande mmoja, chora chaki upya na urudie mraba, kulia na kushoto, kabla hujafunga kamera.