Mvua ya juu mlimani, maafa ya chini: namna ya kusoma vipimo vya mvua mbele udongo haujashuka

Siku ya alhamisi tarehe 4 Mei 2023, maji, matope na mawe vilishuka toka milimani na kufunika sehemu kubwa ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, pembeni ya ziwa Kivu, katika teritware ya Kalehe. Pale Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Miaka mitatu kabla ya hapo, usiku wa tarehe 16 kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ndani ya mji wa Uvira, ukabeba nyumba na watu.

Kila mwaka mvua ikirudi mwezi wa 9, wakaaji wa miinuko na wa kando ya mito wanauliza swali moja: kuko njia ya kujua mapema? Kujua saa na nyumba itakayopigwa, hapana. Lakini kujua kwamba hatari imepanda na kwamba usiku huu si wa kulala chini ya mlima, hiyo inawezekana. Inaomba vitu vitatu: vipimo vya mvua, macho, na mapatano kati ya majirani.

Kwa nini mlima unaanguka

Udongo ni kama eponji ya kuoshea vyombo. Mvua ya kwanza unainywa. Mvua ya pili pia. Ikifika siku ambapo umeshiba, maji yanajaza nafasi zote kati ya chembe za udongo, yanauongezea uzito, na yanapunguza nguvu inayoushikilia kwenye mwamba. Hapo mvua isiyo kubwa sana inatosha kuuteremsha. Njo maana watu wanashangaa: «Mbona jana kulinyesha sana na hakuna kitu kilianguka, leo kidogo tu na mlima umekuja?» Ni juu ya mvua ya siku zilizopita.

Kuko namna ingine: mvua kali ya saa moja au mbili inayopiga juu kwenye vilele. Maji hayapati wakati wa kuingia ndani, yanakimbia juu ya udongo, yanabeba mawe na miti, na yanafuata bonde mpaka kijijini. Wakati huo pale chini pengine kunanyesha kidogo tu.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua ni litre 1 ya maji kwa kila metre moja ya mraba. Kukinyesha milimita 50 juu ya hekta moja, ni litre 500 000, sawa na mapipa 2 500 ya litre 200. Na bonde la mto mdogo lina mamia ya hekta.

Somo toka kwa watu wa theluji

Nchini Uswisi, shida yao ni theluji inayoporomoka kwa ghafula toka mlimani na kufunika barabara, nyumba na watu. Taasisi yao ya theluji, SLF ya mji wa Davos, ina stasio za meteo zaidi ya 100 zinazojiendesha zenyewe juu milimani. Zinapima unene wa theluji, upepo na joto, na namba zinatolewa kwa intaneti ili kila mtu azione. Mtu anayetaka kupanda mlima anaangalia: theluji mpya imeongezeka kiasi gani kwa siku moja na kwa siku tatu? Upepo umeirundika upande gani? Joto limepanda haraka? Kisha anasoma tangazo la hatari lenye ngazi 5.

Theluji yetu sisi iko tu juu kabisa ya Ruwenzori. Lakini namna yao ya kuwaza inatufaa. Kwanza, hawaangalii namba ya leo peke yake, wanajumlisha na za jana na juzi. Pili, wanajua kwamba stasio moja haisemi kila kitu juu ya mteremko mwingine. Tatu, namba haiwatoshi: wakiona nyufa kwenye theluji au wakisikia mlio ndani yake, wanarudi nyuma hata kama tangazo lilikuwa zuri.

Telefone inaonyesha nini kwa kweli

Watu wengi leo wana programu ya hali ya hewa ndani ya telefone. Inaonyesha wingu, matone na asilimia. Ni vizuri kujua kwamba mara nyingi nyuma ya picha ile hakuna mashini iliyowekwa kwenye mlima wenu. Ni hesabu ya kompyuta kubwa za mbali, zinazogawa dunia katika vipande vya kilometre nyingi. Kipande kimoja kinaweza kuchanganya ziwa, kijiji na kilele.

Kuko pia vipimo vya satelaiti. Marekani na Japani zilirusha satelaiti kubwa ya kupima mvua mwezi wa 2 mwaka 2014, na NASA inatoa bure ramani za mvua za kila nusu saa. Lakini kila kipande cha ramani kina upana wa kilometre kama 10, na ramani ya haraka zaidi inatoka baada ya saa kama 4. Kwa mvua inayopiga sasa hivi, imechelewa. Faida yake ni ingine: inasaidia kujua siku tatu, tano, au juma zima kumenyesha kiasi gani, hata mahali ambako hakuna stasio.

Stasio za chini zenyewe ni chache. Kituo cha utafiti cha CRSN pale Lwiro kinapima hali ya hewa tangu miaka ya ukoloni, na METTELSAT ndiyo idara ya taifa. Kati ya Lwiro na kijiji chako kunaweza kuwa milima mitatu, na kila mlima una mvua yake.

Kopo moja na rula moja

Njo maana kipimo cha kijijini kina thamani kubwa. Inatosha kopo lenye kuta zilizonyooka, upana sawa juu na chini, na rula. Liwekwe mahali wazi, mbali na miti na mabati, lifungwe vizuri lisianguke. Kila asubuhi saa moja, mtu mmoja anapima urefu wa maji kwa milimita, anaandika kwenye kaye, anamwaga, analirudisha. Shule, kituo cha afya au parokia vinaweza kufanya kazi hiyo. Kopo moja likae chini kijijini, na lingine kwa ndugu wanaokaa juu. Wa juu akiona kopo limejaa kwa saa moja, anapiga telefone chini. Simu ile inafika mbele ya maji.

Hakuna namba moja inayofaa kila mlima. Lakini kaye ikiandikwa misimu miwili au mitatu, kijiji kitajua chenyewe: siku mto ulipofurika, siku barabara ilipokatika, kulikuwa milimita ngapi, na siku tatu za mbele yake ngapi.

Alama za kuangalia

Mtu asingoje namba kama anaona haya: nyufa mpya kwenye udongo au kwenye ukuta; mlango uliofunga vizuri jana, leo unakwama; miti au nguzo zimeanza kuinama; chemchemi mpya inatoka mahali pakavu. Na alama kubwa kuliko zote: mvua inaendelea, lakini mto umepunguka kwa ghafula au umegeuka matope. Pengine juu umezibwa na udongo, na ukizibuka utakuja wote mara moja. Hapo ni kukimbia kuelekea pembeni na juu, si kufuata bonde.

Sehemu zingine zinateremka polepole miaka mingi, kama kartiye Funu pale Bukavu, ambako watafiti wa jumba la Tervuren, Ubelgiji, wamechunguza mwendo wa udongo. Huko nyufa si jambo geni, na hatari ni kuzizoea.

Kupatana mbele ya mvua

Kutoka nyumbani usiku si jambo dogo. Kuko wezi, kuko watu wa silaha, kuko wazee na watoto wachanga. Familia ikitoka mara mbili na hakuna kitu kimetokea, mara ya tatu itabaki. Kwa hiyo nyumbakumi na shefu wa kartiye wapange wakati wa kiangazi: nani anasoma kopo, nani anapiga kengele au filimbi, watu wanaenda kulala wapi, na nani analinda nyumba zilizoachwa, akiwa amesimama mahali salama. Na siku mlima usipoanguka, aliyepiga filimbi asichekwe. Akichekwa, siku nyingine atanyamaza.